Ulimi Wangu Likizoni

Mdogo wangu aliniwekea sharti moja tu kabla hatujaondoka. Aliliweka pale nyuma ya gari, mkono mmoja umeshika kikapu cha mikate, mwingine umenibana midomo kwa vidole.

"Dada, wikiendi nzima usiseme neno juu yake. Si zuri, si baya."

"Hata zuri?"

"Zuri lako ndilo baya zaidi. Jumapili nataka kumpa jibu langu kwa akili yangu mwenyewe. Ukianza wewe, nitasikia sauti yako kichwani badala ya yangu."

Jibu lenyewe lilikuwa la ndoa. Mpenzi wake, fundi lifti, alikuwa ametaka kumwoa, naye akaomba muda wa kufikiri. Kwa kuwa Jumatatu ilikuwa sikukuu, akaona twende wote kwenye ule mji wa watalii kule milimani, amwone mtu wake akiwa amechoka, anatetemeka kwa baridi, na amezungukwa na sisi. Sikumpinga. Ukitaka kumjua mtu, safiri naye.

"Naapa," nikasema. Na mimi nikiapa nimeapa.

Ni kiapo kigumu kwa mtu kama mimi. Kazi yangu ni kupokea mizigo katika stoo ya hospitali. Diploma ya ugavi niliipata chuoni, lakini macho na mdomo nilizaliwa navyo. Sanduku likiingia limebonyea, nasema. Glovu zikiwa nyepesi, nasema, na mwuzaji akiwa amesimama palepale. Nyumbani ni vilevile. Mume wangu husema kuishi nami ni kama gari linalokaguliwa kila asubuhi. Mimi humwuliza ni lini limewahi kumharibikia njiani.

Basi fundi lifti akaja, amevaa viatu vyeupe. Vyeupe, kwenda mlimani, msimu wa matope! Na begi lake lilihitaji watu wawili kulipandisha garini, maana ndani mlikuwa na nguo kidogo na zana zake zote za kazi.

"Shikamoo, dada," akasema, akanitazama kama mtu anayesubiri kitu.

"Marahaba," nikajibu, nikafunga mdomo kama mlango wa benki.

Binti yangu ana miaka tisa, na mdomo wangu ameurithi bila kupunguziwa. "Mama, hujaviona viatu vyake?"

"Ingia garini."

"Mama, unaumwa?"

"Nimesema ingia!"

Tulipanda kona baada ya kona, masikio yakiziba, hadi tukafika kwenye nyumba ya wageni iliyojengwa kwa mbao tupu. Sakafu ililia kila ulipokanyaga. Kuta zilikuwa nyembamba hivi kwamba jirani akigeuka kitandani unajua amegeukia upande gani. Blanketi zilikuwa nzito kama deni la harusi. Sebuleni kulikuwa na jiko la kuni lililotoa moshi mwingi na joto kidogo, na wageni wote walikuwa wamelizunguka, macho yanatoka machozi, wanaambiana jinsi hewa ya huku ilivyo safi.

Chai ikaletwa. Fundi lifti akatia sukari, akaanza kukoroga. Akakoroga. Kijiko kiligonga kikombe nging'i, nging'i, nging'i, hadi nikahisi kinanigonga ubongo. Nilikalia mikono yangu. Na kila alipokoroga alinitupia jicho.

"Dada, chai imekolea?"

"Imekolea."

"Baridi ya huku siyo mchezo."

"Siyo."

Akafuta jasho. Katika baridi ile, mwanaume mzima akafuta jasho.

Tulipobaki wenyewe chumbani, mume wangu akaniambia, "Unamtisha kijana wa watu."

"Sijamwambia kitu!"

"Ndiyo nasema."

Sikumwelewa. Nilidhani usingizi umemzidi.

Jumamosi tukautembelea mji. Ni mji uliopangwa kama ngazi: barabara moja juu ya paa la barabara nyingine, na kila duka linauza kofia za sufu, fimbo za kupandia na vikombe vilivyochorwa mlima. Mlima wenyewe hakuuona mtu. Ukungu ulikuwa umeumeza tangu alfajiri. Hapo kwenye uwanja wa kutazamia, bwana mmoja alikodisha darubini, na watu walipanga foleni kwenda kuutazama ukungu kwa karibu. Pembeni yake mpiga picha alikuwa ametundika shuka kubwa lililochorwa kilele na theluji.

"Karibuni, familia!" akaita. "Huu wangu hauna mawingu!"

Tukapanga mstari mbele ya shuka. Fundi lifti, badala ya kutazama kamera, akageuka kukagua misumari iliyoshikilia lile shuka. Akaitikisa mmoja mmoja. Mpiga picha akahesabu upya, sote tukakausha meno kwa tabasamu, fundi bado yuko kwenye misumari. Maneno yalinijaa mdomoni kama maji ya kusukutua. Nikayameza. Binti yangu, ambaye hakuapa, akasema, "Baba mdogo mtarajiwa, ukimaliza kumwoa huo msumari utuambie."

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, lakini kwa kuchelewa, wenzake wamekwisha kunyamaza. Halafu akanitazama mimi tena. Nikatazama shuka.

Kilichoniingia moyoni kilitokea jioni ile, baada ya chakula, tulipokuwa tunacheza karata sebuleni. Binti yangu huiba karata. Hilo ukoo mzima unalijua, na ukoo mzima humwachia, kwa sababu akikamatwa hulia hadi mabati yakatikisika. Fundi lifti akaweka karata zake mezani, taratibu.

"Mwanangu, hiyo umeitoa kwenye soksi."

"Sijaitoa!"

"Vua soksi tuone."

"Mama! Ananionea!"

Nikanyamaza. Mume wangu akanong'ona, "Mwachie, kijana, tutalala vipi?" Mdogo wangu akamfinya chini ya meza. Fundi hakutikisika. Mtoto akalia, akapanda ngazi za kilio moja moja hadi juu kabisa, na bwana yule akangoja tu, mikono mezani, kama mtu anayesubiri lifti ishuke. Ikashuka. Soksi ikavuliwa. Karata zikaanguka. Na mtoto, huku kamasi zinamtoka, akasema, "Basi gawa upya."

Nikajiambia: huyu ndiye. Mtu asiyemwogopa mwanangu hatababaishwa na ukoo huu. Nilitamani kumkumbatia mdogo wangu nimwambie, mchukue, funga, usitafute mwingine. Lakini nilikuwa nimeapa. Nikanyanyuka, nikasema nakwenda kulala, nikapita mbele ya fundi bila neno. Nikajiona shujaa.

Asubuhi nikaamshwa na mlango unaopigwa kama wa polisi. Mdogo wangu alikuwa kizingitini, macho mekundu.

"Ameondoka."

"Nani?"

"Nani tena! Amekwenda kituo cha basi. Amesema hawezi kuingia katika ukoo usiomtaka."

"Ni nani aliyemwambia hatumtaki?"

"Wewe!"

"Mimi? Mimi sijafungua mdomo tangu Ijumaa!"

"Ndiyo hivyo sasa, dada!" Akakaa kitandani, juu ya miguu ya mume wangu, aliyelalamika na asisikilizwe. "Siku nyingi nilikwisha kumweleza ulivyo. Nilimwambia, dada yangu akikusema ujue umeshaingia nyumbani. Nilimwambia habari za stoo yako: mwuzaji unayegombana naye ndiye unayepokea mzigo wake. Usiyemtaka humpigii kelele. Unamrudishia karatasi zake kimya, unamwonyesha mlango."

Ni kweli. Kwa nini nimfundishe kazi mtu ambaye sitamwona tena?

"Amekuwa akingoja umseme tangu garini," mdogo wangu akaendelea. "Viatu vile vyeupe, unadhani ni mjinga? Alivivaa makusudi, upate pa kuanzia."

Mume wangu akacheka hadi akakohoa. Nikampiga na mto.

"Na kiapo changu hukumweleza?"

"Ningemwelezaje kwamba nimekufunga mdomo kwa sababu bado nina shaka naye? Leo nimemwambia. Amesema namtafutia maneno ya kumliwaza."

"Swali moja. Unamtaka, humtaki?"

Akajifuta pua. "Namtaka."

"Tangu lini?"

"Tangu ile soksi."

"Basi nifungulie mdomo."

"Dada, nakuomba. Sema. Sema yote!"

Sikungoja kuvaa. Nilitia miguu kwenye kandambili za mume wangu, nikajifunga blanketi la hoteli, nikashuka. Mji ule hauna njia ya kukimbilia. Una ngazi za mawe tu, zina umande, na kila baada ya ngazi chache kuna mtu anakuuliza kama unataka kofia. Nikapita katikati ya watalii na kamera zao. Nina hakika nipo kwenye picha za watu wengi.

Kituoni basi lilikuwa linanguruma. Fundi lifti alikuwa ameketi dirishani, begi amelipakata kama mgonjwa. Nikagonga kioo kwa kiganja.

"Fungua!"

Akafungua, uso umempauka. "Shikamoo, dada."

"Acha shikamoo zako! Viatu vyeupe mlimani, nani alikufundisha? Umekuja kupunga upepo au kufanya mtihani wa sabuni?"

Akatoa macho.

"Na hilo begi! Umebeba spana za nini, tulikwambia mlima umekwama? Na chai! Unakoroga chai kama unachanganya zege! Sukari iliyeyuka Ijumaa, wewe bado unaitafuta! Na kucheka! Ukisikia kichekesho cheka, usikiweke akiba!"

Abiria wa nyuma wakaanza kusogea mbele. Bibi mmoja aliyekaa karibu naye akauliza, "Amekukosea nini, mwanangu?"

"Ananiolea mdogo wangu!" nikasema. "Tena anaondoka bila kuaga! Huo ni ustaarabu? Unakwenda kuposa, unakimbia kabla hujajibiwa? Na kwenye picha zote una mgongo! Tutawaonyesha nini watoto wenu, mgongo wa baba yao?"

Hapo uso wake ukafunguka. Ulifunguka taratibu, kwanza macho, kisha mashavu, mwisho meno yote yakawa nje. Basi zima likamwona mtu anayetukanwa akifurahi kama aliyetajwa kwenye bahati nasibu.

"Dada," akasema, "umemaliza?"

"Sijafika hata nusu!"

"Basi nami nina moja. Unakoroma. Ukuta ule ni mbao, dada. Nimekesha usiku kucha nikidhani kuna mtu anapasua kuni."

Basi likapasuka kwa kicheko. Nilijikuta namtazama vizuri kwa mara ya kwanza, kidevu changu hewani, na nikasikia raha ambayo sikuitarajia. Huyu hakuwa tu anavumilia kusemwa. Alikuwa na mdomo wake.

Kondakta akachomoza kichwa mlangoni. "Mama, huyu anashuka au hashuki? Nina ratiba mimi!"

"Muulize mwenyewe."

"Nashuka endapo nitajibiwa," fundi akasema, na hakuwa ananitazama mimi tena.

Mdogo wangu alikuwa amefika, nywele zimesimama, sweta la mume wangu limemfika magotini, binti yangu anavutwa kwa nyuma. Akasimama chini ya dirisha. Alijaribu kusema, pumzi ikamkatalia. Akajaribu tena.

"Uliza basi," akasema.

"Utaolewa nami?"

"Ndiyo. Nitaolewa nawe. Ila shuka kwanza, basi linaondoka!"

Lilikuwa linaondoka kweli. Abiria wakapiga kelele, kondakta akapiga bodi, begi likapitishwa dirishani kwa mikono ya watu wengi na kuangukia matopeni. Fundi akafuata kwa mlango, viatu vyeupe ndani ya dimbwi. Bibi yule alitupungia mkono hadi kona ya kwanza. Binti yangu akaliendea begi, akajaribu kulinyanyua, akashindwa, akaanza kulifungua.

Wale wawili wakashikana mikono mbele yangu, wakinitazama. Mimi nimesimama na blanketi langu, nimekaa kimya. Nikaona fundi anameza mate. Mdogo wangu akamshika mkono kwa nguvu zaidi.

"Dada?" akasema. "Dada, mbona umenyamaza?"

"Napumua, jamani!" nikasema. "Huku juu hewa haitoshi!"