Shamba la Mukabalisa Lafika Remera

Mukabalisa aliingia ofisi ya malipo ya maafa pale Remera asubuhi, kandambili zake zenye tope akiwa amezitia kwenye mfuko wa karatasi asije akachafua sakafu. Shamba lake lilikuwa nyuma yake. Nalo lilijipangusa mlangoni, likaingia, likajikunja chini ya benchi.

"Tusogee kidogo, lipate nafasi," alisema mama mmoja, na watu wakasogea.

Mvua za masika zilipobomoa kilima chao, mashamba yote yalikwenda na mto. Lake lilitoka mtoni mbele kidogo, likamtafuta mpaka Rebero, mtaa wa mjini, alikokimbilia kwa binti yake Connie. Walilikuta alfajiri limejibanza kando ya geti, limelowa chepechepe. Mukabalisa alilia kwa furaha, kisha akalipalilia, maana njiani lilikuwa limeota magugu. Ila kiongozi wa mtaa alikuja akasema, kwa upole, kwamba Rebero si mahali pa maharage. Malipo yangempatia kipande cha ardhi cha kulilaza.

Dirishani alikuwepo Goodluck, kijana wa Bukoba. Mukabalisa alikulia Karagwe, kwa hiyo walipendana papo hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Goodluck alichungulia chini ya benchi. "Ndilo hili? Mashallah, limependeza." Akamwita mkubwa wake, Bayingana, ambaye alichuchumaa na kulishika jani moja kwa mapenzi, kama mtoto wa wakulima alivyokuwa.

"Mama, sisi tunalipa shamba yenye imepotea," alisema. "Hii iko hapa. Iko inatusikiliza."

"Na kule kilimani?"

"Kule tulienda kukagua. Hakuna shamba kule. Sasa tutalipa nini?"

Bayingana aliporudi mezani kwake, Goodluck alishusha sauti. "Mama, sema hulitambui hili. Likiwa si lako, basi lako limepotea. Nakupitisha leo leo."

Chini ya benchi majani yalitulia. Mukabalisa aliliangalia. Lilikuwa limemsomeshea watoto, na mwaka wa ukame, liliposhindwa kuzaa, lilimwonea aibu mpaka mvua iliyofuata. Alilipenda, basi.

"Limenifuata kutoka kule, peke yake," alisema. "Leo nilikane, nalo linasikia?"

Goodluck aliinamisha kichwa. "Hapana, mama. Haifai."

Wakarudi Rebero kwa miguu, Mukabalisa pembeni mwa barabara, shamba likifuata mfereji ili lisizuie pikipiki. Tangu siku hiyo walihamahama, leo kwa dada, kesho kwa shemeji, na kila walikolala walipokelewa vizuri na kuombwa wasikawie.

Mwezi wa nane, siku ya muganura, mavuno ya kwanza yanapogawiwa watu, Mukabalisa alipika maharage akayapeleka ofisini. Hakuwa na kinyongo. Watu wa dirishani walikuwa wamempokea vizuri, na mila ni mila. Wote walikula. Bayingana aliongeza mara mbili, akaapa hajala maharage matamu hivyo tangu kwa bibi yake.

Kisha akanawa mikono, akarudi mezani, akafunga dai la Mukabalisa, kwa kuwa shamba lilikuwa limezaa.

Goodluck aliwasindikiza hadi barabarani.

"Leo mnalala wapi, mama?"

"Bado tunafikiria," alisema Mukabalisa, na shamba likamsogelea miguuni.