Joto la Giakanja

Haya niliambiwa na Beth, jirani yangu hapa Giakanja, Alhamisi moja ya mwezi wa nane mwaka jana, tukikata sukuma wiki za karamu ya kanisa. Alisema niyaandike, kwa sababu lazima kuna mama mwingine mahali ameketi na mtoto wake karibu na moto, na hajui.

Mtoto wa Beth ni Kagure, ana miaka ishirini na saba. Anafuma sweta za shule kwa mashine katika duka la Anita pale Chaka. Mwezi wa tano vidole vyake vilianza kufa ganzi, akawa anaangusha mishono. Halafu jicho la kushoto likaona ukungu hata siku ya jua, na mguu wa kulia ukawa unaburuta. Watu walisema yao. Wengine ati amerogwa, wengine ati siku hizi anakunywa. Huko Nyeri alipigwa picha ya kichwa kwa ile mashine kubwa, na daktari wa mishipa ya fahamu akasema ni ugonjwa unaoitwa MS.

Daktari aliwachorea kwa karatasi. Mwilini kuna askari wa kupigana na magonjwa. Tena kuna neva, kama nyaya za stima, zinazobeba habari kutoka kichwani mpaka kidoleni, na kila waya umevikwa ngozi yake. Askari wa Kagure walikuwa wamekosea. Waliona ile ngozi ni adui, wakawa wanaitafuna. Waya ukibaki uchi, habari inachelewa au inapotea njiani. Kichwa kinauambia mguu inuka, mguu hausikii.

"Lakini hao askari si ni wake mwenyewe?" Beth akauliza.

"Ni wake, mama."

Mugo, baba yake Kagure, ndiye alielewa haraka. "Ni kama mbwa wetu. Tulileta ndama zizini tumemfunika gunia la jirani, mbwa akasikia harufu ya mgeni, akamrarua sikio. Ndama wetu wenyewe! Na si mbwa mbaya. Alikuwa analinda."

Daktari akacheka, akasema mzee amemaliza somo.

Kagure alitundikiwa kwa siku tatu dawa ya kutuliza hao askari, akapewa tarehe ya kuanza nyingine ya kuwazuia. Wakitoka, muuguzi aliwaambia msichana ajikinge na joto. Mugo alicheka mpaka stendi. "Joto! Huyu anafikiri tunatoka Mombasa? Giakanja mwezi wa saba hata kuku anatamani sweta." Wote watatu wakacheka, na lile neno wakaliacha hapo hapo.

Jioni hiyo Anita alipiga simu. "Kagure, oda za shule zimejaa. Mashine yako nimekuwekea mpaka Jumatatu ya wiki ijayo. Usipokuja nitampa Wendy. Usinikasirikie, mama."

Kagure alizima simu akageukia ukuta. Ile mashine alijifunza miaka miwili, na bila hiyo alijiona atabaki kuwa mtu wa kulishwa.

Basi Beth alikuwa na wiki moja tu ya kumponya, na alifanya vile mama wa huku hufanya. Alimkalisha karibu na mafiga, sweta mbili na blanketi juu. Alimkanda miguu kwa maji moto. Alimfukiza kwa majani ya mkaratusi, sufuria ikitoa mvuke chini ya blanketi. Alimchemshia supu ya mifupa na mitishamba ya kuongeza kinga. Na kila jioni Kagure alikuwa vibaya kuliko mchana. Kadiri mguu ulivyokataa, ndivyo Beth alivyoongeza kuni.

Ijumaa, alipotolewa chini ya blanketi la mvuke, Kagure alisimama akaanguka. "Maitu," alimwita mama yake, "sioni." Mugo alimbeba mpaka kitandani kama mtoto wa nasari. Beth alienda nyuma ya zizi akalia kwenye kanga yake.

Asubuhi alitoka kukamua. Umande ulikuwa mweupe kwenye nyasi, na juu yake nyayo zilitoka mlangoni mpaka chooni na kurudi. Zilinyooka, ya kulia sawa na ya kushoto, hakuna mburuzo. Alifikiri ni za Mugo, lakini zilikuwa ndogo. Akazifuata. Kagure alikuwa ameketi kwenye ngazi na nguo nyepesi, anakula kiazi kitamu kilicholala.

"Umetembea?"

"Asubuhi huwa natembea, maitu."

"Na hukusema?"

"Ungesema nitapigwa na baridi."

"Na jicho?"

"Naona mpaka ule mparachichi."

Beth alisimama na ndoo mkononi. Ndipo alipomkumbuka yule muuguzi. "Joto," akasema. "Mungu wangu. Ni mimi."

Aliingia jikoni akaumwagia moto maji. Mugo alikuja kutafuta chai, akakuta majivu yanatoka mvuke. Kwetu nyumba isiyo na moto ni ya msiba. "Nani amekufa?" akauliza.

"Nyamaza, mpigie daktari."

Daktari alisema ni kweli. Joto halitafuni nyaya, lakini ule waya ulio uchi ukipata moto unapoteza habari. Mwili ukipoa, habari inarudi. "Hujamharibu, mama," akasema. Beth alimwomba arudie. Halafu akauliza juu ya supu. "Kinga yake haijapungua," daktari akasema, "imekosea njia. Hatutaki kuichochea, na mitishamba inaweza kugongana na dawa zake."

"Hiyo supu msiwe na wasiwasi," Kagure akasema. "Nilikuwa nampa mbwa."

"Ndiyo maana amenenepa!" Mugo akasema. "Sasa iko na kinga, hiyo mbwa, atang'ata mpaka chifu."

Jumatatu Beth alimsindikiza Chaka. Upepo ulikuwa unatoka mlimani moja kwa moja. Anita aliwapokea vizuri, na kwa huruma yake alikuwa amewasha jiko la makaa, akaliweka karibu kabisa na mashine. "Nimekuwekea moto, usigande."

Kagure alimtazama mama yake. Ungekataaje moto uliowashiwa na mkubwa wako? Akaketi. Mwanzo sweta ilishuka vizuri. Baadaye mshono mmoja ukaanguka, halafu wa pili, na jasho likamtoka puani. Wendy, aliyekuwa akishona vifungo kwenye kona, aliacha kushona akawa anaangalia.

Beth aliinuka, akashika jiko kwa shuka, akalitoa nje mpaka barazani.

"Mama!" Anita akapiga kelele. "Unataka tufe na baridi?"

"Vaa sweta. Kwani si unaziuza?"

Wendy alicheka mpaka sindano ikamdunga. Ndipo Beth akawaeleza, habari ya askari, na nyaya, na ndama wa gunia. "Mweke pale mlangoni," akamalizia.

"Pale? Hakuna mtu hukaa pale, upepo unauma."

"Ndipo pake."

Waliibeba mashine wote wanne mpaka mlangoni. Kagure alifungwa kitambaa chenye maji shingoni, akangoja vidole virudi, akaanza. Kufika saa sita alikuwa amemaliza mbele na mgongo wa sweta. Anita aliigeuza nje ndani, akaivuta huku na huku akitafuta mshono ulioanguka. Hakupata.

"Uwe unakuja asubuhi," akasema. "Mchana Wendy atashika. Lakini mashine ni yako."

Saa tisa walikuwa nyumbani. Kagure alikuwa na ule uchovu wa ugonjwa wake, ambao daktari alisema si uvivu. Alilala na viatu, dirisha wazi. Mugo aliketi sebuleni na makoti mawili, akinung'unika ati ameoa mke akaletewa friji, na katikati ya maneno akaanza kukoroma.

Beth alikaa jikoni mbele ya mafiga. Kiberiti kilikuwa mfukoni. Hakukitoa. Aliweka mikono kwapani, akaegemea ukuta akisikiliza wale wawili wanavyopumua, na hapo hapo, mchana mweupe, usingizi ukamchukua naye.