Mashine ya Sola na Mitandao Miwili ya Kuchangisha

Dada yake ndiye aliyempa jina la Dizeli, maana hata aoge vipi, ananuka mafuta ya mashine. Na mashine yenyewe ya kusaga mahindi imechoka jamani, inakohoa moshi mpaka wateja wanaziba pua. Mafuta yanameza faida yote. Wasipohamia sola mwaka huu, wanafunga mlango, basi.

Wamekaa juu ya magunia, simu katikati, wanachagua mtandao wa kuchangisha, huku wakipigiana kelele kuushinda mngurumo.

"Huu hapa, kinachoingia unachukua hapohapo, hata kiwe kidogo," Dizeli akasema. "Huu mwingine usipofikisha lengo, kila mtu anarudishiwa hela yake, nyinyi mnabaki mnatazamana. Sasa hapo pana kufikiri?"

"Pana."

"Dada, wewe hata ukipewa zawadi unaomba risiti."

"Na wewe ukipata paneli bila betri na mota, utasagia nini? Mdomo?"

Dizeli akacheka, ila kidole chake kilikuwa kimeshauelekea ule wa kwanza. Aliogopa kuomba dunia nzima, akose, na mtaa mzima uone.

Mara mashine ikazima. Mafuta kwisha. Ndoo ya mahindi ya mteja mmoja, mama mshonaji, ilikuwa imesagwa nusu. Dizeli akainuka, akamkung'utia unga wake, akampa mahindi yaliyobaki, akamrudishia hela yote. Hapo kwao ndivyo ilivyo: kazi haijaisha, hujalipa.

"Ndiyo maana navumilia moshi wenu," mshonaji akasema.

Dizeli akageuka, akamkuta dada yake anamtazama.

"Nini?"

"Mimi nimesema kitu?"

Dizeli akakaa. Huyu mama anamjua miaka yote, na bado anamwamini kwa sababu hela inarudi. Je, mtu wa mbali anayemwona kwenye picha tu?

"Tuchukue huu wa kurudisha," akasema polepole. "Ila lengo tupunguze. Mashine moja ndogo ya sola, siyo zile tatu tulizoota."

"Sasa umeamka, mdogo wangu."

Wakaandika, wakapiga picha mashine, masizi yake yote yakionekana, wakabonyeza. Mshonaji alikuwa bado yupo, kashika kiuno.

"Mkishindwa, zinarudi kweli?"

"Zote, mama."

"Basi niweke wa kwanza."

Mchangiaji wa pili aliingia kabla mashine haijapoa, mtu wa mbali ambaye jina lake lilimshinda Dizeli hata kulitamka.