Kahawa ya Baba Dhaher

Mundhir aliambiwa jambo moja tu na mama yake, tena aliambiwa mpaka likamchosha. Ukifika nyumbani kwa Baba Dhaher ukaletewa kahawa, usinywe. Kiweke kikombe chini mbele yako, unyamaze. Mwenyeji ataona, atakuuliza una haja gani, nawe utaisema. Akikubali atakwambia unywe. Asipokubali utaondoka kahawa imepoa palepale, na aibu itabaki kwake, maana katika milima ile hakuna fedheha inayomchoma mwenye nyumba kama mgeni kuondoka hajanywa.

"Nimesikia, mama. Mimi si mtoto."

"Mtoto angesikia vizuri zaidi," alijibu Bi Rasmiya kutoka kitandani.

Kwa asiyejua, haja yenyewe ilikuwa ndogo. Bi Rasmiya alikuwa anakufa, daktari wa Zarka, mji walikoishi, hakumficha mtu, na alitaka kuzikwa kijijini Ain Zarub, kando ya binti yake Najla, aliyekufa kwa homa akiwa bado hajajua kufunga viatu. Udongo wa kaburi lile ulikuwa haujakauka pale Fawaz, ndugu yake Bi Rasmiya, alipompiga risasi na kumuua Raif, mdogo wake Baba Dhaher, katika ugomvi wa zamu ya maji. Kwa desturi ya kule, ukoo mzima wa muuaji ulihama alfajiri iliyofuata, wenye kosa na wasio na kosa, vikongwe na wanaonyonya, na kurudi hakuna, si kwa uhai wala kwa jeneza, mpaka wenye damu, ndugu wa aliyeuawa, waridhie. Bi Rasmiya alikuwa ameolewa na binamu yake, kwa hiyo hakuwa hata na upande wa pili wa kukimbilia. Fawaz alifungwa, akatoka, akanenepa, akafa kwa raha zake juu ya godoro laini. Adhabu walibaki nayo wengine.

Ilitakiwa Mundhir aende na wazee, msafara wa watu wenye heshima zao. Ami zake walifuatwa mmoja mmoja. Huyu mgongo ulikuwa unamsumbua, yule alikuwa na harusi ya shemeji. Mwingine alisema waziwazi kwamba mambo ya kaburi la mtoto yamepitwa na wakati, azikwe palepale Zarka karibu na barabara, watu wapate kumzuru bila kuhangaika. Wanaume wenye masharubu mazito kiasi hicho, na wote wakamwogopa mzee mmoja wa kijijini. Basi Mundhir akaenda peke yake, amenuna njia nzima.

Gari aliliacha pale lami ilipoishia, akapanda kwa miguu. Mama yake alikuwa amemchorea kijiji kwa maneno: chemchemi, kisha nyumba ya mawe yenye mlango wa buluu, hiyo ndiyo ya Baba Dhaher. Lakini chemchemi ilikuwa imekauka na kufunikwa kwa zege, na nyumba zote sasa zilikuwa za matofali ya saruji, milango ya chuma, kijani, kijani, kijani. Jua lilikuwa linamchoma utosini. Kwenye nyumba ya kwanza aliyoikuta, mzee mmoja alikuwa ameketi chini ya kivuli cha mzabibu anaanika tini kwenye mkeka.

"Asalaam alaikum, ami."

"Wa alaikum salaam! Karibu, karibu sana. Jua lote hili umelibeba peke yako? Keti."

"Ahsante, ami, mimi napita tu. Natafuta nyumba ya—"

"Nyumba haina miguu, haitakukimbia. Keti kwanza. Kwetu mgeni haulizwi jina wala aendako kabla koo lake halijalowa. Au huko mjini mnahojiana kama polisi?" Akageuza shingo. "Mama Dh... mama watoto! Iko wapi kahawa?"

Kahawa ilikuja upesi. Mundhir alishukuru kwamba imekuja upesi, kwa sababu ulimi ulikuwa umemkauka. Alikishika kikombe akasita, wosia wa mama yake ukimpigia kelele masikioni. Kisha akajicheka. Hii haikuwa nyumba yenyewe, na huyu alikuwa mzee wa watu anayeanika tini zake. Kuikataa kahawa ya mtu usiyemdai neno ni kumtukana bure, na angeanza vibaya namna hiyo, kijiji kizima kingekuwa kimepata habari kabla hajafika anakokwenda. Akanywa. Ilikuwa chungu, yenye iliki, nzuri sana. Akaongezwa, akanywa tena, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Mzee alimtazama mpaka tone la mwisho, jinsi mtu anavyomtazama mtoto anayemeza dawa.

Majirani wawili walikuwa wanapita na punda. Mzee akawaita.

"Njooni msalimie! Mgeni wangu amekunywa, ametosheka, Mungu ashukuriwe. Haya mwanangu, sasa sema. Ulikuwa unatafuta nyumba ya nani?"

"Ya Baba Dhaher."

Majirani wakaangua kicheko.

"Umeikalia!" alisema mmoja, akijipiga paja. "Huyo uliyemmalizia kahawa yake ndiye Baba Dhaher!"

Mundhir alikitazama kikombe kitupu. Akasimama, akaketi tena, na alipopata sauti haikuwa sauti aliyokuja nayo.

"Ami, mimi ni Mundhir, mwana wa Rasmiya. Nimekuja na haja."

Kicheko kilikatika. Majirani walimtazama Baba Dhaher, na Baba Dhaher alikuwa anaokota tini iliyodondoka, anaipangusa vumbi polepole.

"Haja?" alisema kwa upole. "Mbona umekunywa, mwanangu? Mwenye haja hanywi. Hilo hata punda wa huyu jirani analijua."

"Sikujua kwamba nyumba ni hii."

"Kahawa ni kahawa. Jamani, nimemlazimisha? Nimemshika pua?"

"Hapana," walisema majirani, mmoja kwa sauti, mwingine kwa shida.

"Mama yangu anakufa, ami! Anataka tu kulala karibu na mtoto wake. Hatutaki shamba, hatutaki nyumba. Ni shimo tu!"

"Mungu amponye. Ametuletea mgeni leo, na mgeni nyumbani kwangu hazungumzi makaburi. Anakula."

Akala. Afanye nini? Kondoo alichinjwa, wali ukapakuliwa kwenye sinia pana na maziwa ya mgando juu yake, na Baba Dhaher alimchambulia nyama kwa vidole vyake mwenyewe, minofu ile laini ya shavu, akamwekea upande wake. Kila Mundhir alipofungua mdomo kuomba, kipande kiliingia mbele ya neno. "Kula, mwanangu, umekonda. Huko Zarka hawakulishi?" Wanaume waliokuja kula pamoja naye walisifu ukarimu wa mwenyeji. Ni ukarimu kweli, hakuna atakayebisha. Mundhir aliwahi kufukuzwa kazini, aliwahi kutukanwa hadharani, lakini hakuwahi kudhalilishwa kama alivyodhalilishwa na sinia lile.

Jua lilipolegea, Baba Dhaher alimsindikiza mwenyewe hadi garini, amebeba debe la mafuta ya zeituni begani, hataki kusaidiwa. Alilipakia nyuma, akaongeza mfuko wa tini na mikate ya mkewe. Walikuwa wawili tu hapo, na ndipo mzee alipouvua uso wake wa mwenyeji.

"Unadhani sikukujua?" alisema. "Nilikuona tangu pale kwenye lami. Kidevu hicho ni cha Fawaz. Hujafika hata nusu ya mlima, nikamwambia mke wangu abandike birika."

Mundhir alimkodolea macho. "Ulinifanyia makusudi."

"Makusudi."

"Mbele ya Mungu, ami, mama yangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Alikuwa mwanamke mwema, alimnyonyesha mpwa wangu mama yake mtoto alipougua." Mzee alitafuna midomo. "Raif alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Mama yetu alikufa akiniomba nisimruhusu tena mtu yeyote wa ukoo wenu azikwe karibu na Raif. Kaburi la Raif liko hatua chache kutoka la yule mtoto. Ningekukatalia mbele ya watu, wangenisema mpaka nife: Baba Dhaher kamnyima mwanamke anayekufa shimo la kulalia. Ningekukubalia, mama angenisema huko niendako. Sasa sikukukatalia, wala sikukukubalia. Hukuomba. Ulikuja, ukanywa, ukala, ukaondoka na mafuta. Njoo tena na wazee wako zeituni zikishachumwa."

"Hatafika wakati huo."

"Najua," alisema Baba Dhaher, akafunga mlango wa gari kwa upole.

Mundhir alikuwa na hasira za kulitupa debe bondeni. Hakulitupa. Njia nzima alikuwa anatunga uongo: wamekubali, mama, wametuma salamu, wanakusubiri. Uongo mzuri wa wiki chache, nani angedhurika? Alipofika Zarka alikuwa ameshaukariri mpaka akakaribia kuuamini.

Bi Rasmiya aliliona debe kabla hajamtazama mwanawe. Akaomba amiminiwe kidogo kwenye kisahani, akamega mkate, akachovya, akauweka mdomoni na kufumba macho. Siku hizo hakuwa anakula chochote.

"Ni ya miti yetu," alisema. "Ya ule mteremko wa juu. Yana ukali wake kooni, huwezi kuyakosea."

"Ndiyo, mama. Wamekubali. Baba Dhaher mwenyewe amesema—"

"Alikupa na tini?"

"Tini na mikate. Amekupa salamu nyingi."

Alimega tena, akachovya, akatafuna taratibu. Kisha akamtazama, na Mundhir akaona kwamba safari nzima ya uongo imekwisha.

"Mwenye haja iliyokubaliwa harudi na mafuta, mwanangu. Anarudi na neno, na wazee wa nyumba ile wako nyuma yake. Zawadi anapewa mgeni." Hakupandisha sauti. "Ulikunywa."

Mundhir alianza kueleza: milango yote ya kijani, chemchemi iliyozibwa, mzee na tini zake, jinsi kahawa ilivyokuja upesi. Alieleza mpaka akalia, mtu mzima na ndevu zake. Mama yake alimwacha amalize. Hakumlaumu, na angemlaumu pengine ingekuwa nafuu.

"Basi," alisema. "Tafuta mahali hapahapa. Na usinichagulie pazuri, nisije nikazoea."

Akamsogezea kisahani, akamwambia ale.