Nilipata Jiko

Mwaka wa sitini na tatu sikuwa na cheti, sikuwa na viatu wala mtu wa kunisemea. Kiingereza nilijua majina hamsini ya vyombo vya nyumbani na sentensi chache, nilizofundishwa na Mwalimu Leonia katika darasa la watu wazima. Nyumba ya wageni ilitaka mpishi mwenye mke, aombe kwa Kiingereza, kwa mwandiko wake. Siku hiyo ya mwisho posta ilikuwa ifungwe saa sita. Ilikuwa saa tano na nusu, na karatasi ilibaki moja.

Mwalimu aliisoma barua yangu, akakunja uso.

"Baba Maua, umeandika kwamba mwaka wa hamsini ulipata stovu."

"Si ndiyo kuoa, Mwalimu? Nilipata jiko."

Mke wangu Mwanahawa akaweka ungo chini. "Kumbe mimi stovu! Haya niwashe, chai ichemke."

Mwalimu hakucheka. "Wakisoma hivi, watasema huna mke."

Akanitajia neno la Kiingereza la mke, herufi nne. Nilinakili barua yote upya kwenye karatasi ile moja. Mwanahawa alisimama nyuma yangu. Mwalimu alipoitikia kwa kichwa, nililamba bahasha, nikaifunga, nikakimbia nayo posta, nikamkabidhi karani mfuko wa barua ukiwa bado wazi.