Farasi Jike wa Laki Nne na Nusu

Kwa miaka ishirini na sita fundi alikuwa ameshona matandiko ya farasi wa watu wengine. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye dirisha la barabarani, meza iliyochanjwachanjwa na visu, na harufu ya ngozi na nta iliyomganda hata kwenye nguo za kutokea. Farasi wa mji ule aliwajua kwa migongo yao. Huyu ana mabega mapana, yule uti wa mgongo umemtoka kama kipaa cha nyumba. Wa kwake mwenyewe hakuwahi kuwa naye. Watoto walikuwa wameshapata kwao, na mwaka aliotimiza hamsini na tatu alimaliza kushona matandiko ishirini ya shule ya kupanda farasi. Akaamua kwamba pesa ile haiendi kwenye bati wala kwenye sofa. Atanunua farasi.

Kaka yake mkubwa, dereva wa lori ambaye mtaa mzima ulimwita Breki kwa kuwa mdomo wake haukuwa nazo, alicheka mpaka akashika mbavu. Alimwambia kwa umri ule anachokwenda kununua ni maumivu ya kiuno. Hata hivyo, Jumamosi asubuhi ndiye aliyebisha hodi mapema, kavaa shati lililopigwa pasi, akisema hawezi kumwacha dada yake mdogo aende peke yake kwa dalali wa farasi, mtu mwenye ulimi wa asali.

Mazizi ya dalali yalikuwa nyuma ya viwanda, mabanda mawili marefu yenye uwanja wa mchanga katikati. Dalali aliwapokea kwa mikono miwili, akawajulia hali, akasubiri hadi wamalize kujibu, kisha akamwita mtunza farasi wake, mwanamke mkimya aliyevaa buti za mpira. Yule akatoka akiongoza farasi jike wa rangi ya kahawia, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso.

Farasi alimfikia fundi, akanusa mkono wa koti lake palipokuwa na nta, akashusha pumzi ndefu ya moto na kumwekea kidevu begani. Fundi alijua papo hapo kwamba amekwisha. Lakini uso aliukaza vilevile, kama mtu anayeangalia mboga sokoni.

Dalali alisema farasi ana miaka kumi na mmoja, mzima kama chuma, mpole kama mama mzazi, amebeba wanafunzi wa kupanda tangu ujana, na bei yake ni laki tisa kwa kuwa fundi si mgeni. Mtunza farasi akamzungusha uwanjani, na kweli farasi alitembea vizuri, miguu minne ikipokezana bila kusita. Hapo Breki akashindwa kujizuia.

"Mchukue huyuhuyu, mdogo wangu. Tangu tukiwa watoto unaota farasi wa kahawia, leo si ndiye huyu?"

Dalali alikunja mikono kifuani tu na kutabasamu, na fundi akaona wazi kwamba laki tisa imeota mizizi. Alitamani ardhi impasukie, au immeze kaka yake kwanza. Kisha akavuta pumzi, akamsogelea farasi na kupitisha mkono chini ya singa za shingo.

Palikuwa na unyevunyevu na joto. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, watu walikuwa bado na masweta, na farasi alikuwa ametolewa bandani sasa hivi, mbele ya macho yao. Kumbe kulikuwa na mtu aliyemkimbiza kabla hawajafika. Fundi alijua kwa nini watu hufanya hivyo. Kiungo kilichokakamaa hulainika kikipata moto, na mnunuzi huondoka akiwa na furaha ya siku moja.

Hakulisema. Alimfungua farasi mdomo, kidole kikiwa pembeni pasipo na meno, akatazama jino la juu la pembeni. Mfereji mwembamba wa kahawia, ule ambao huanza kujichora farasi akifika miaka kumi na kuteremka kidogokidogo, ulikuwa umeshavuka nusu ya jino. Halafu akaomba tandiko ambalo farasi huyo hupandiwa. Akaligeuza juu chini, akapapasa pedi zake. Ya kushoto ilikuwa imebonyea na kung'aa, ya kulia bado ilikuwa imetuna. Mnyama huyu alikuwa akiegemea upande mmoja kwa miaka. Mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa unaonewa huruma.

Fundi akalirudisha tandiko mahali pake, akaomba kiti.

Dalali akauliza kama amechoka. Fundi akamjibu kwamba hajachoka, ila angependa farasi asimame kivulini saa nzima, bila kutembezwa, ndipo amwone tena. Yeye hana haraka, amekuja na chupa yake ya chai. Tabasamu la dalali likapungua upana. Alikumbuka kwamba ana mteja mwingine saa nne. Fundi akasema vizuri sana, huyo mteja naye atamwona farasi akiwa amepoa.

Wakakaa. Breki, aliyeshaelewa kwamba mdomo wake umeharibu jambo, alikunywa chai kimya, na hilo peke yake lilikuwa ajabu. Mtunza farasi alikuwa akifagia mlangoni pa banda, na kila alipopita alimtupia fundi jicho lenye kitu kama heshima.

Saa ilipotimia farasi akatolewa tena. Hatua za kwanza kumi zilitosha. Mguu wa nyuma wa kulia ulikuja mfupi, ncha ya kwato ikichora mstari mchangani, kama mzee anayeinuka kitandani asubuhi. Kufikia mzunguko wa pili ulianza kunyooka.

"Ana miaka kumi na saba," fundi alisema. "Na goti hilo si la jana."

Dalali alianza kueleza habari ya kwato iliyopasuliwa na jiwe wiki iliyopita. Fundi alimwacha amalize, kisha akamwambia bila kupandisha sauti kwamba jiwe la wiki iliyopita haliwezi kubonyeza pedi ya tandiko. Dalali akatazama tandiko, kisha akamtazama yeye.

"Kaka yangu amesema kweli," fundi akaendelea. "Namtaka farasi wa kahawia, na namtaka huyu. Sitakuficha. Ila namtaka kwa bei yake. Nakupa laki nne."

Dalali akacheka kicheko kisicho na furaha. Alisema kwa laki nne afadhali ampigie simu bwana wa machinjio, ambaye angempa tano bila kuuliza umri wala goti. Mtunza farasi aliacha kufagia. Breki akamgeukia dada yake, uso umemshuka.

Lakini hapo ndipo dalali alipoingia mwenyewe mtegoni. Kila Jumanne fundi alikuwa machinjioni kununua ngozi mbichi. Mizani ya pale aliijua, na bei ya kilo pia, na bwana mwenyewe alimjua mpaka jina la mkewe.

"Kwa farasi wa uzito huu hatakupa zaidi ya laki mbili na robo," alisema. "Mpigie sasa hivi. Weka sauti kubwa tusikie sote, na umsalimie."

Simu ilibaki mfukoni. Farasi akapunga mkia. Fundi aliona kwamba sasa angeweza kumbana dalali hata kwa laki tatu, na pengine angekubali ili tu aondokewe na aibu. Alilifikiria. Halafu akamtazama mnyama mwenyewe, jinsi alivyosimama bila kufungwa, masikio yakifuata kila sauti, akawaza miaka ile yote aliyobeba watu waliokuwa wakijifunza kuanguka. Farasi wa namna hiyo kuuzwa bei ya kutupwa ni matusi.

Akasema laki nne na nusu. Akafafanua kwamba nusu ile ni ya tabia ya farasi na wala haina uhusiano na maneno ya dalali. Masharti ni mawili. Daktari wa mifugo amwangalie Jumatatu kabla pesa haijatoka mkononi, na kwenye karatasi iandikwe miaka kumi na saba.

Dalali alijikuna kidevu kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono.

"Fundi," alisema, "siku nyingine ukija, njoo ukiwa umelala usingizi mbaya."

Daktari alikuja Jumatatu, akasema moyo na mapafu ni vya farasi kijana, na goti litavumilia miaka mingi ya mwendo wa taratibu likitunzwa. Mtunza farasi alimsindikiza mnyama hadi getini, akamnong'oneza fundi kwamba anapenda kukunwa chini ya taya, akarudi ndani haraka akijifuta macho kwa mkono wa sweta.

Breki hakukaa kimya zaidi ya siku mbili. Kwenye maegesho ya malori alisimulia jinsi "tulivyomweka dalali kwenye kona", na kila aliposimulia, chai ile ilikuwa mbinu yake yeye. Dada yake aliposikia alicheka tu. Ushindi ule ulikuwa mkubwa, ungeweza kugawanywa.

Wiki ya pili fundi alimtoa farasi kwa mara ya kwanza mtaani. Alipanda kwa kutumia kigoda cha jikoni, kiuno kikilalamika, mjukuu wake akipiga makofi dirishani. Farasi alianza kwa hatua fupi, akajinyoosha, akapata mwendo wake. Kwa miaka yote fundi alipita barabara ile akiona kuta na mageti. Sasa, kwa mara ya kwanza, aliona juu ya kuta: nguo za jirani kwenye kamba, bustani ya mwalimu mstaafu aliyedai hana muda wa kulima, kinyozi amelala kwenye kiti chake mwenyewe. Watu walitoka kumwangalia. Aliwapungia mmojammoja, mgongo wima, na alipofika mwisho wa barabara, mahali ambapo siku zote hugeuka kurudi, akamgusa farasi kwa kisigino, wakaendelea mbele.