Duka Lililokwenda kwa Mwenye Jina

Jumatatu asubuhi mikate ilitoka tanurini imeinama. Haikuwa imeungua wala haikuwa mibichi. Ilikuwa imeumuka vizuri na ina rangi yake, ila yote, kila mmoja kwenye kibati chake, ilikuwa imelalia upande wa kituo cha mafuta. Mwokaji aliitoa kwenye trei, akasukuma trei nyingine ndani, akasubiri akiwa amesimama, maana hakuwa mtu wa kusubiri ameketi. Ya pili nayo ikatoka vilevile.

Wateja walinunua. Mkate ulioinama unakatika vipande kama mwingine wowote, na watu wanaokimbilia kazini hawana muda wa kukagua mkate umesimamaje. Lakini mwokaji hakutulia. Alimwita mwashi aliyemjengea tanuri, na mwashi akaja na pimamaji yake, akailaza sakafuni, kisha juu ya tanuri, kisha kwenye meza ya kukandia. Kila mahali kipovu kilikaa katikati.

"Tanuri halina kosa," mwashi alisema. Alitoka nje, akatazama chini ya mlango, akakuna kichwa. Ngazi ya saruji aliyoijenga mwenyewe mbele ya mlango sasa ilikuwa mbele ya ukuta. "Duka ndilo limesogea, mama. Hapo mimi sina dawa. Nikuongezee ngazi nyingine?"

"Niongezee," alisema mwokaji. "Watu watajikwaa."

Duka lilikuwa chumba kimoja cha matofali na bati, pembeni mwa nyumba aliyoishi na mama yake mzazi. Kabla ya duka kulikuwa na dirisha. Kwa miaka mingi mwokaji alioka jikoni kwake na kuuza dirishani, mpaka watu wa manispaa walipopita na kumwambia ama awe na leseni ama afunge. Akauza kabati, akauza cherehani, akanunua matofali. Kisha akaanza kufuata makaratasi: jina la biashara lisajiliwe, ipatikane namba ya mlipa kodi, leseni, cheti cha afya, akaunti ya benki. Kila dirisha alilofika lilimuuliza kitambulisho, na kitambulisho chake kilikuwa kimepotea wiki ileile.

Kaka yake mkubwa alikuwa amemsindikiza. Huyo kaka ni mtu wa watu, na ofisini anajua kuzungumza. Kitambulisho cha kwake kilikuwa mfukoni mwa shati, pamoja na kalamu. Foleni nyuma yao ilikuwa imeanza kunung'unika.

"Andika jina lako tu, kaka," mwokaji alimwambia. "Tutabadilisha baadaye."

Kaka akaandika jina lake penye nafasi ya mmiliki. Hakuna aliyeona ajabu. Katika familia ile jina lilikuwa kama sufuria kubwa ya shughuli, aliyekuwa nalo karibu aliwaazima wengine. Mita ya umeme ilikuwa bado kwa jina la baba, ambaye alishafariki. Laini ya simu ya mama ilikuwa kwa jina la jirani aliyehama. Mama alikuwa akisema kwa fahari kwamba wao si watu wa kuandikiana, ni damu moja, waandikiane nini? Na kweli, mpaka Jumatatu ile, hakuna kilichokuwa kimetembea.

Ndani ya wiki moja duka lilikuwa limeiacha nyumba na kufika mbele ya karakana ya seremala. Lilikwenda polepole, mchana kweupe, kuta zikiwa zimenyooka na bati halilii. Mwokaji alianza kuamka mapema zaidi ili alifikie. Mama alitaka kiti chake kiwekwe ndani, karibu na mlango, na akashinda humo akitazama mtaa ukipita. Alisema siku nyingi hajatoka nyumbani na upepo unamfaa magoti.

Mwokaji aligundua jambo moja haraka, kwa sababu alikuwa mtu wa kuangalia moto. Duka lilisogea tanuri likiwaka. Akioka kidogo, linasogea kidogo. Akioka sana, kama siku za mwisho wa mwezi, linachukua mwendo. Siku aliyougua kichwa na kulala, lilikaa palepale kutwa nzima, na mabinti wa shule walicheza kamba mbele yake.

Kitambulisho kipya kilipotoka alikwenda nacho ofisi ya leseni, na mkate mmoja kwenye mfuko, kwa heshima tu. Ofisa wa leseni alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua kompyuta yake.

"Leseni inasema duka lipo jirani na shule ya msingi. Sasa hivi lipo wapi?"

"Asubuhi lilikuwa limempita seremala."

"Na jioni?"

"Inategemea nitaoka mara ngapi."

Ofisa aliandika. "Linakwenda kwa mwenyewe," alisema bila kuinua kichwa. "Yako mengi. Kuna saluni ilivuka mtaa mzima ikaenda kwa shemeji."

"Mwenyewe ni mimi."

Ofisa aligeuza kompyuta ili amwonyeshe. "Hapa kuna mtu mwingine, mama."

"Huyo ni kaka yangu."

"Basi nenda kwa wakili, akuandikie hati ya kuhamisha umiliki. Kaka yako asaini, wakili agonge mhuri, uniletee. Akisaini, duka litasimama hapo litakapokuwa, na tutakupa leseni ya hapo." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Ila fanya haraka. Likishafika kwake limefika. Mfumo haurudishi."

Mwokaji alitoka pale akikaza mwendo. Alijua barabara ya kwenda kwa kaka yake kama anavyojua meza yake ya kukandia: seremala, kituo cha mafuta, barabara kubwa, duka la dawa, kisha uchochoro mpana, kisha lango la bluu. Alirudi akihesabu kichwani kilichobaki, na alipofika alikuta duka limeshaanza kuingia kwenye kituo cha mafuta. Vijana wa pampu walimwomba azime tanuri kwa muda, kwa usalama.

Wakili alitaka ada yake kwanza. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii, na mwokaji aliuona mwenyewe siku ileile, akiwa amekaa kwenye benchi la wakili: ili apate ada ilimbidi aoke, na kila alichooka kilimsogeza kwa kaka. Alipiga hesabu ya kuoka nusu. Nusu ililisha nyumba na kununua unga, basi. Akaoka zaidi. Alioka kwa hasira, akifungua mlango wa tanuri kila dakika kuangalia na kuufunga tena, na mikate ikainama mpaka mingine ikaanguka kutoka kwenye vibati vyake.

Hati ilipokuwa tayari aliifunga kwenye kitambaa safi cha kufunikia mikate, akampelekea kaka yake. Alimkuta sebuleni, ametandaza gazeti. Kaka alifurahi kumwona. Aliisoma hati yote, tena kwa sauti, akasifu lugha ya wakili.

"Sawa kabisa," alisema. "Hii imekaa vizuri."

"Basi saini, kaka. Wakili anatusubiri mpaka saa kumi."

"Leo? Leo nimevaa hivi." Alionyesha suruali yake ya nyumbani. "Mbele ya wakili mtu anakwenda amejipanga. Kwani nimekataa, mdogo wangu?"

Hakuwa amekataa. Wiki iliyofuata alikuwa na msiba wa mfanyakazi mwenzake. Iliyofuata hiyo jino lilimsumbua. Siku moja walifika wote wawili mpaka mlangoni kwa wakili, kaka amevaa koti, na hapo akakumbuka kwamba jambo kama hili lazima kwanza mama aambiwe, isije ikaonekana wamegawana wakati yeye yupo hai. Kalamu ilikuwa mfukoni mwake siku zote. Mwokaji aliitazama sana kalamu ile.

Mama alipoulizwa alikuwa kwenye kiti chake dukani, na duka lilikuwa katikati ya barabara kubwa. Askari wa barabarani alikuwa amesimamisha magari pande zote mbili. Alikuwa ameshaomba leseni, akairidhia, na sasa alikuwa anakula mkate wa moto huku akipuliza filimbi.

"Mama, sema na mwanao," mwokaji alisema. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka viwikoni. "Asaini. Nakuomba."

"Asaini nini? Kaka yako amekudhulumu?"

"Hajanidhulumu bado."

"Basi unamshitaki kwa la kesho." Mama alivuta kanga mabegani, akatazama mbele, kule duka lilikokuwa linaelekea. "Mimi naona heri. Mtakuwa pamoja. Na wajukuu wangu nitawaona kila siku."

Mwokaji alilia hapo hapo, barabarani, bila kujificha. Hakulia kwa sababu ya kuta kutembea. Alilia kwa sababu mama yake alishamjibu. Honi zilikuwa zinapigwa. Mteja mmoja aliyeshuka kwenye gari akaomba mikate mitatu, na mwokaji akamfungia, akamrudishia chenji.

Alizima tanuri. Duka lilikuwa limevuka barabara na kusimama mbele ya duka la dawa, na mwokaji akasema litakaa hapo mpaka kaka asaini, hata kama ni mwaka mzima. Akakaa humo ndani mikono mapajani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mguu wake mmoja haukuacha kugonga sakafu. Wateja walikuja wakachungulia, wakaenda. Hamira ilikufa kwenye bakuli. Mwenye duka la dawa, mtu mpole, alimwambia hana neno, isipokuwa anamzibia mlango. Gunia la mwisho la unga likaanza kuingia wadudu. Kisha mtu wa kodi akapita na kumkumbusha, kwa adabu tu, kwamba kodi ya robo mwaka hailali hata biashara ikilala, na kwamba barua zote za madai ameshazituma kwa mmiliki.

"Kwa kaka yangu?"

"Kwa mmiliki."

"Na amelipa?"

"Amesema atakayelipa ni wewe."

Mwokaji aliwasha tanuri.

Wifi yake, mke wa kaka, alikuwa ameshajitayarisha. Hakuwa mwanamke mbaya, alikuwa mwanamke mwenye uwanja. Alifungua kamba ya kuanikia nguo, akahamisha mapipa ya maji, akafagia pale palipobaki. Lango la bluu lilikuwa jembamba kwa duka, kwa hiyo alimwita mwashi alivunje na kulipanua. Ni mwashi yuleyule. Alipomwona mwokaji akija nyuma ya duka lake, na kitambaa chenye hati mkononi, aliinamisha macho na kuendelea kukusanya matofali.

"Karibu, wifi," wifi alisema. "Umechoka. Nimeweka chai."

Duka liliingia langoni kwa uangalifu, likageuka kidogo, likakaa. Mlango wake ukatazamana na mlango wa nyumba ya kaka. Kaka alitoka akiwa amevaa fulana, anatafuna kijiti cha meno.

"Kaka, saini," mwokaji alisema. Alikuwa ameshaikunjua hati na kuiweka juu ya pipa. "Saini sasa hivi. Wakili nitamwita aje hapa."

Kaka aliitoa kalamu. Aliifungua, akainama juu ya hati, akasoma tena mstari wa kwanza. Kisha akalitazama duka, na moshi uliokuwa unatoka juu yake. Harufu ya mkate ilikuwa imejaa uwanja mzima.

"Kwani nimekataa?" alisema taratibu. "Lakini sasa si limeshafika?"

Akafunga kalamu.

Leseni mpya ilitoka kwa anwani ya lango la bluu, na ofisa wa leseni hakutoza faini. Wifi aliweka mezani kisanduku cha fedha chenye ufunguo mmoja. Mama alihamishiwa chumba cha mbele kwa kaka, akapona magoti. Mwokaji alianza kulipwa kila Jumamosi, na kaka hakuchelewesha hata mara moja. Alimkabidhi bahasha kwa mikono miwili na kumuulizia afya yake. Alipenda kuwaambia majirani kwamba dada yake ana mkono wa dhahabu, na kwamba yeye alimwamini tangu mwanzo akampa kazi.

Mikate ya siku ya kwanza ilitoka tanurini imenyooka. Yote, kila mmoja kwenye kibati chake, wima kabisa. Wateja walisifu.

Mwokaji ndiye aliyekuwa ameinama. Si sana, kiasi tu cha kumlazimu ashike ukingo wa meza kwa mkono mmoja huku akikanda kwa mwingine. Alilalia upande wa barabara kubwa, upande wa kituo cha mafuta na seremala na nyumba yenye ngazi mbili zisizo na mlango. Asubuhi, akija kazini, alipanda uchochoro kama mtu anayetembea dhidi ya upepo, na jioni miguu ilimchukua nyumbani yenyewe.

Kaka alimtazama siku kadhaa kabla ya kusema.

"Simama wima, mdogo wangu," alimwambia kwa upole, akimshika bega kumnyoosha. "Wateja wanaona."

Mwokaji alisimama wima. Mtu akaomba mikate miwili, na ili aifikie ilibidi aiachie meza.